Asidi ya Lipoiki na Miguu Inayowaka Moto

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wenzangu wenye kisukari ni kama vidonge vya antioksidanti, yaani vya kuzima kemikali kali zinazoharibu seli, vinasaidia miguu inayowaka moto. Wanaouliza hawafanyi hivyo kwa udadisi. Wanauliza kwa sababu usiku hawalali, na kwa sababu kuna mtu, aghalabu ndugu, jirani au muumini mwenzao, aliyewaletea chupa na kuwaahidi kuwa itasafisha mishipa yote ya fahamu. Mimi mwenyewe natumia kimojawapo cha vidonge hivyo, asidi ya alfa-lipoiki, kwa idhini ya daktari wangu, na kabla ya kustaafu nilifundisha kemia kwa muda mrefu hapa Tanga, kwa hiyo suala hili linanigusa kwa pande zote mbili. Jibu langu lina sehemu ambayo wauzaji hawaigusi kabisa, nayo ndiyo ninayotaka kuikazia: maumivu ya neva, yaani ya mishipa ya fahamu, ni jambo moja na uzima wa neva ni jambo jingine, na kidonge kinaweza kulituliza la kwanza bila kuligusa la pili.

Nianze na maumivu yenyewe, maana anayeyasikia kwa jina tu hudhani ni uchovu wa miguu. Huanza kwenye vidole, miguu yote miwili kwa pamoja, kisha hupanda taratibu hadi kwenye nyayo na vifundo, yakifuata mpaka ule ule ambao soksi ingeufunika. Mchana, mtu akiwa na shughuli zake, huvumilika. Usiku, nyumba ikishatulia, ndipo yanapokuja kwa nguvu, na hata kanga nyepesi ikigusa vidole huunguza kama pilipili iliyopakwa kwenye kidonda. Wapo wanaoamka wakasimama juu ya sakafu ya saruji ili ubaridi uwapoze, na wapo wanaolala miguu ikiwa nje ya chandarua, jambo ambalo katika mji wa pwani lina hatari yake. Cha ajabu ni kwamba mguu huo huo unaowaka moto, daktari akiugusa kwa pamba, mara nyingi huwa umekufa ganzi. Unauma na hauhisi, vyote kwa wakati mmoja.

Mambo hayo mawili hukaa pamoja kwa sababu ya namna sukari inavyoiharibu neva. Seli za misuli huhitaji insulini ili kuingiza glukosi ya kutosha, lakini seli za neva haziisubiri insulini. Sukari ikipanda katika damu, hupanda pia ndani yake. Mitokondria, ambazo kazi yake ni kugeuza chakula kuwa nishati ndani ya seli, zikilemewa na sukari hiyo huvujisha kwa wingi molekuli kali zitokanazo na oksijeni, ziitwazo radikali huru, na molekuli hizo hushambulia mafuta, protini na hata vinasaba vya seli. Wakati huo huo sehemu ya sukari iliyozidi hugeuzwa kuwa sorbitoli, na kazi hiyo hula akiba ile ile ambayo seli ingeitumia kuhuisha glutathioni, yaani antioksidanti yake ya asili. Mishipa midogo ya damu inayoilisha neva nayo hupata unene na kupitisha damu kidogo kuliko inavyotakiwa. Neva inayotoka kiunoni hadi kwenye kidole gumba cha mguu ina urefu wa karibu mita 1 kwa mtu mzima, na ncha yake, iliyo mbali kuliko zote na kiini cha seli, ndiyo inayopungukiwa kwanza. Nyuzi nyembamba zinazobeba habari za maumivu na joto zinapokuwa zinaharibika hutuma ishara ovyo hata pasipo kitu kilichozigusa, na huo ndio moto tunaousikia. Zikishakufa hunyamaza, na hiyo ndiyo ganzi.

Mtu akielezwa hivyo, wazo la kumeza kitu cha kuzima radikali huru linakuja lenyewe, na si wazo la kipuuzi. Asidi ya alfa-lipoiki ina sababu nzuri ya kufikiriwa kuliko nyingi zinazouzwa pamoja nayo. Mwili wenyewe huitengeneza, na makazi yake ni hizo hizo mitokondria, ambamo huvisaidia vimeng'enya vinavyochoma sukari. Ina atomi 2 za salfa zilizoshikana katika duara dogo, na duara hilo likifunguka na kufunga hupokea na kutoa elektroni, ambayo ndiyo kazi ya antioksidanti yoyote. Mwanabiokemia Lester Reed wa Chuo Kikuu cha Texas aliipata ikiwa safi mwaka 1951, kutoka kwenye takriban tani 10 za mabaki ya maini ya ng'ombe, na alichokipata baada ya kazi yote hiyo ni fuwele za miligramu 30 hivi. Nalitaja jambo hili kwa sababu linajibu swali jingine ninaloulizwa, kama mtu hawezi kuipata kwa kula maini, figo na mchicha. Vyakula hivyo ni vizuri na ninavila, lakini asidi iliyomo ni kidogo mno, nayo imefungwa kwenye protini, ilhali kipimo kilichochunguzwa hospitalini ni miligramu 600 kwa siku. Kiasi hicho hakipatikani katika sahani yoyote.

Ujerumani ndiko ilikotumika kwanza kama dawa ya neva, tangu miongo kadhaa iliyopita, na ndiko yalikoanzia majaribio makubwa. Jaribio lililopewa jina la ALADIN, lililochapishwa mwaka 1995 na kuongozwa na Dan Ziegler wa Düsseldorf, liliwachukua watu 328 wenye kisukari cha aina ya pili, wakapewa dripu ya asidi hiyo au dripu isiyo na dawa kwa wiki 3. Waliopata miligramu 600 au zaidi walipungukiwa na kuungua, maumivu na ganzi kuliko wenzao. Dripu kila siku si jambo ambalo mtu wa kawaida analimudu, kwa hiyo lililofuata lenye manufaa kwetu ni lile la SYDNEY 2 la mwaka 2006, ambalo halikufanyika Australia kama jina linavyodokeza, bali Urusi na Israeli. Watu 181 walimeza vidonge kwa wiki 5. Alama za maumivu na dalili nyingine zilishuka kwa asilimia 51 kwa waliopewa miligramu 600, asilimia 48 kwa waliopewa 1200, na asilimia 52 kwa waliopewa 1800. Kichefuchefu kiliongezeka kadiri dozi ilivyopanda, nafuu haikuongezeka, na ndiyo maana dozi ya 600 ikabaki kuwa ya kawaida. Kwa hiyo ukimwona mtu anameza vidonge vitatu badala ya kimoja kwa kuamini kuwa atapona mara tatu, mwambie kwa upole kuwa jambo hilo lilishapimwa.

Namba ambayo haimo katika vipeperushi vya wauzaji, hata wale wanaolitaja jaribio hilo, ni ya kundi la nne. Waliomeza kidonge kisicho na dawa yoyote nao alama zao zilishuka kwa asilimia 32. Si kwamba watu hao walidanganya, wala si kwamba maumivu yao yalikuwa ya kufikirika. Maumivu ya neva hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huingia katika jaribio, au hununua chupa, wakati ambapo yamefika kileleni, na baada ya hapo ni kawaida yashuke kidogo. Tena kuangaliwa, kuulizwa na kutumaini kuna nguvu halisi juu ya ubongo unaopokea maumivu. Sehemu inayoweza kuhesabiwa kuwa ni ya dawa ni ile tofauti kati ya 51 na 32, na si hamsini na moja yote. Ushuhuda wa mtu mmoja, hata uwe wa kweli kiasi gani, hauwezi kuitenganisha sehemu hiyo na nyingine, na huu wangu umo katika hesabu hiyo.

Majaribio marefu hayakuwa na habari njema kiasi hicho. ALADIN III, ya mwaka 1999, iliwafuatilia watu 509 kwa dripu kisha vidonge kwa miezi 6, na mwishowe nafuu ya dalili haikutofautiana na ya kidonge kisicho na dawa. NATHAN 1, iliyochapishwa mwaka 2011, iliwachukua watu 460 wenye madhara madogo hadi ya wastani ya neva na kuwapa miligramu 600 kila siku kwa miaka 4. Baadhi ya vipimo vya udhaifu na hisia za miguu viliboreka, lakini kipimo kikuu, kilichojumuisha kasi ya umeme katika neva, hakikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 wachambuzi wa Cochrane, shirika la kimataifa linalopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio yaliyodumu angalau miezi 6, wakabakiwa na matatu yenye watu 816, wakahitimisha kuwa kwa muda huo asidi hii huenda ina athari ndogo tu juu ya dalili, au haina kabisa. Nikiyaweka yote pamoja, hukumu yangu ni kuwa kuna ushahidi wa wastani kwamba inaweza kupunguza kuungua kwa wiki chache, na hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inaiokoa neva kwa miaka. Anayeuza chupa kwa ahadi ya kufufua mishipa ya fahamu anauza kitu ambacho watafiti walikitafuta kwa miaka 4 wasikipate.

Mimi naitumia hivi: kidonge kimoja cha miligramu 600 asubuhi, nusu saa kabla ya uji, kwa sababu chakula hupunguza kiasi kinachoingia mwilini, na mbali na vidonge vya madini ya chuma au magnesi, kwani asidi hii huyashika madini na kuondoka nayo. Kabla ya kuanza niliandika kwenye daftari, kila asubuhi, alama ya maumivu ya usiku uliopita kuanzia 0 hadi 10, bila kubadilisha kitu kingine chochote, nikaendelea kuandika baada ya kuanza. Alama zimeshuka. Nalala zaidi, na sijasimama kwenye saruji usiku kwa muda sasa. Nashukuru kwa hilo kwa moyo wote, lakini daftari langu linapima moto peke yake, na daktari alikuwa wa kwanza kunikumbusha hilo.

Moto ni kipimo kibaya cha hali ya neva, kwa pande zote mbili. Kuna watu ambao maumivu yao huanza au kuzidi pale tu sukari yao inapoanza kushuka kwa kasi, hasa waliokaa muda mrefu na sukari ya juu kisha wakaanzishiwa insulini; HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi michache iliyopita, ikishuka kwa zaidi ya pointi 2 ndani ya miezi 3, uwezekano wa hali hiyo huongezeka. Hawa wanaumia ilhali wanafanya jambo sahihi, na wengi, wasipoelezwa, huiacha insulini na kukimbilia chupa. Upande wa pili ni wale ambao moto wao ulizimika. Wengine ulizimika kwa sababu neva zimetulia, na wengine kwa sababu zimekufa, na ukimuuliza mgonjwa, majibu ya makundi haya mawili hufanana neno kwa neno: "Namshukuru Mungu, siku hizi haiumi tena."

Ganzi ya aina hiyo inaweza kumfikisha mtu mbali. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam, akiwemo Zulfiqarali Abbas ambaye ameishughulikia miguu ya wenye kisukari kwa miaka mingi, walichapisha taarifa ya wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala. Panya alikula nyama ya mguu na mwenye mguu hakuamka. Taarifa hiyo nimeitaja kwa watu wengi na kila mara naona nyuso zinabadilika, kwa sababu kila aliyekulia katika nyumba za mijini kwetu anajua panya ni nini. Wagonjwa hao, mtu angewauliza jioni ile kama miguu inawauma, wangesema hapana.

Kipimo halali ni kingine, nacho hakihitaji mashine ya bei kubwa. Katika kliniki ninayohudhuria muuguzi hutoa kijiti chenye uzi mnene wa nailoni uliotengenezwa upinde unapobanwa kwa nguvu ya gramu 10. "Mama, fumba macho," huniambia, "ukihisi nimekugusa sema ndiyo, na usibahatishe." Kisha huubana uzi juu ya kidole gumba, chini ya vidole, pembeni, hadi unapinda, na hunyamaza kati ya mguso mmoja na mwingine kwa muda usiotabirika, ili mgonjwa asijibu kwa mazoea. Mara ya mwisho nilisema ndiyo kwenye kidole gumba cha kulia na kwenye nyama ya chini ya kidole cha kati. Upande wa kushoto, chini ya kidole kidogo, nilikuwa nasubiri aanze, kumbe ameshamaliza. Sehemu hiyo haijabadilika tangu nianze asidi ya lipoiki: haijapanuka, haijapungua. Moto umeshuka na ganzi iko pale pale. Ningekuwa natazama daftari tu, ningesema napona.

Kwa hiyo yeyote anayetaka kujaribu, nampa ushauri ninaoufuata mwenyewe, kwamba apimwe kwa uzi kabla na baada, na kila usiku, aumwe au asiumwe, azikague nyayo zake kwa kioo au kwa macho ya mtu wa nyumbani. Viatu navyo vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Hakuna kidonge, cha kizungu wala cha asili, kinachompa mtu ruhusa ya kuacha kufanya hivyo.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuliko uzuri au ubaya wa asidi ya lipoiki, nalo ni kwamba miguu mingi inayopewa antioksidanti haijachunguzwa inaumwa nini. Metformini, dawa ambayo wengi wetu tunaimeza kila siku na ambayo ni nzuri sana, hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12 kadiri dozi inavyokuwa kubwa na miaka inavyopita. Upungufu wa B12 huleta ganzi na kuungua kwa miguu kunakofanana na kwa kisukari kiasi kwamba kwa macho huwezi kuvitenganisha, na ukiachwa huharibu hata uti wa mgongo, hadi mtu anayumba akitembea gizani. Huu hutibika kwa sindano au vidonge vya B12, na ukiwahiwa neva hurudi kwa kiasi kikubwa. Mtu aliyetumia metformini kwa miaka, miguu yake ikaanza kuwaka, anastahili kupimwa B12 kabla hajauziwa kitu chochote. Ningeweza kusema hivyo hivyo kuhusu pombe, virusi vya Ukimwi, ukoma, figo na tezi ya shingo. Kila kimoja kina njia yake ya kuiumiza neva, na kila kimoja kina tiba tofauti.

Vitamini B6 inataka maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa kwetu haikosi kwenye mazungumzo ya mishipa ya fahamu. Anayetumia izoniazidi kwa ajili ya kifua kikuu hupewa B6 kwa kipimo kidogo, kwa kawaida miligramu 25 kwa siku, kwa kuwa izoniazidi huimaliza vitamini hiyo na kuziumiza neva. Hapo B6 ni kinga ya kweli. Lakini vitamini hiyo hiyo ikizidi ni sumu kwa neva zile zile. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza habari za watu wazima 7 waliokuwa wakimeza kati ya gramu 2 na 6 kila siku, wakafikia hali ya kushindwa kutembea vizuri kwa kukosa hisia miguuni, na tangu hapo imeonekana kuwa dozi ndogo zaidi, zikimezwa kwa muda mrefu, zinaweza kuleta madhara. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilishusha kiwango cha juu kwa mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku mwaka 2023. Vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 vinavyopatikana katika maduka ya dawa bila cheti cha daktari vinaweza kuwa na miligramu 200 za B6 katika kidonge kimoja, na nawafahamu watu waliovimeza kwa miaka kama chakula cha neva. Mtu wa namna hiyo miguu ikizidi kufa ganzi, huongeza vidonge.

Wanaotibiwa saratani nawaomba wasiyachukue haya ya kisukari wakayahamishia kwao. Dawa za saratani za jamii ya taksani na platinamu nazo huumiza neva, na ikadhaniwa kuwa asetili-L-kanitini, ambayo huuzwa rafu moja na asidi ya lipoiki, ingezilinda. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2013 liliwapa wanawake 409 wenye saratani ya matiti ama kanitini hiyo ama kidonge kisicho na dawa. Baada ya wiki 24, waliopewa kanitini walikuwa na madhara makubwa zaidi ya neva. Hawakukosa faida tu, waliumizwa. Vitamini E nayo ilijaribiwa kwa wagonjwa wa namna hiyo na haikuzuia kitu. Jambo lenye mantiki nzuri ubaoni linaweza kumuumiza mtu wodini, na ndiyo maana daktari wa saratani anapaswa kuambiwa kila kidonge, hata kile kilichotoka kwa shangazi.

Asidi ya lipoiki yenyewe haina sifa mbaya kiasi hicho, ila si maji. Huweza kushusha sukari, kwa hiyo anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi apime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo. Kuna pia ugonjwa adimu unaoitwa ugonjwa wa Hirata, ulioelezwa kwanza Japani mwaka 1970, ambapo mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya insulini yake wenyewe, na sukari hushuka ghafla saa kadhaa baada ya kula. Kwa watu wenye urithi fulani wa vinasaba, asidi hii imeonekana kuuamsha. Anayepata jasho, kutetemeka na kizunguzungu bila sababu aache kidonge na aende hospitali siku hiyo hiyo. Asiyekula vizuri au anayekunywa pombe sana aangaliwe kwanza vitamini B1 yake. Chupa iwekwe mbali na watoto, maana dozi kubwa imewahi kuleta degedege.

Jambo ambalo wengi hawajaambiwa ni kuwa maumivu ya neva yana dawa zake zilizothibitishwa vizuri kuliko antioksidanti yoyote, na mojawapo, amitriptilini, ni ya bei nafuu na haikosi katika hospitali nyingi. Hutolewa usiku kwa dozi ndogo, mara nyingi ikianza na miligramu 10. Hukausha mdomo, huleta usingizi, na haiwafai baadhi ya wenye matatizo ya moyo, presha ya macho au tezi dume, kwa hiyo ni ya kuandikiwa na daktari. Jaribio lililoongozwa na Solomon Tesfaye wa Sheffield, lililochapishwa mwaka 2022 kwa watu 130, liliilinganisha na duloksetini na pregabalini, ambazo ni ghali zaidi, na zote tatu zikatoa nafuu inayolingana. Diklofenaki, ambayo watu huinunua kwanza kwa sababu wameizoea, haifai kitu kwa moto wa neva na inahatarisha figo ambazo kisukari kimeshaanza kuzichosha.

Na sukari yenyewe haikwepeki. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 1993, wenye watu 1441 wa kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kuwa waliodhibiti sukari kwa bidii walipunguza madhara ya neva kwa karibu asilimia 60. Kwa aina ya pili faida kwa neva ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo. Mwenye fedha ya jambo moja tu mwezi huu namsihi alipie HbA1c na B12 kabla ya chupa, na naona uchungu ninapomwona mzee aliyeruka dawa zake za sukari ili alipe deni la virutubisho alivyouziwa kwa jina la kuondoa sumu mwilini.

Mimi na daktari tumekubaliana kuwa nikirudi kliniki nitapimwa tena kwa uzi, kisha niache asidi ya lipoiki kwa muda huku nikiendelea kuandika alama za usiku, tuone kama moto utarudi. Usiporudi, nitaokoa fedha zangu. Ukirudi, nitaendelea nayo nikijua naitumia kwa ajili ya usingizi tu.

Nina ombi pia kwa mamlaka zinazosimamia dawa na virutubisho katika nchi zetu. Australia, tangu mwaka 2022, inataka kila bidhaa inayompa mtu zaidi ya miligramu 10 za B6 kwa siku iwe na onyo kwenye lebo kwamba ganzi au kuungua kukitokea, mtumiaji aache na amwone daktari. Onyo hilo tuwe nalo na sisi, na liandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa zinazosomeka na mtu wa rika langu ambaye sukari imeshamgusa macho pia.